Gari Likilala, Mtunzaji Asilale



Askari anapopata amri ya kwenda kazini mbali, mambo mengi hutengenezwa upesi upesi. Mke huelezwa habari za mshahara, watoto huusiwa kushika masomo, wazazi hupelekewa salamu. Ikiwa familia imejaliwa kuwa na gari, basi gari huingizwa bandani, mlango hufungwa kwa kufuli, na ufunguo hukabidhiwa mtu wa kuaminika. Hapo kila mmoja huona kwamba kazi imekwisha. Safu yetu ya juma hili inataka kuonyesha kwamba hapo ndipo kazi inapoanza.

Sisemi hayo kwa kusoma vitabuni tu. Mtu wa kuaminika aliyepewa ufunguo nilikuwa mimi.

Kaka yangu mkubwa ni mwanajeshi. Miaka kadhaa iliyopita alichaguliwa kwenda Somalia, katika kazi ya kulinda amani ambayo majeshi ya Uganda yaliianza Machi 2007 chini ya AMISOM, ikaitwa ATMIS tangu Aprili 2022, na AUSSOM tangu Januari 2025. Nyuma yake aliacha gari aina ya Toyota HiAce ambalo alikuwa amelifanya nyumba ndogo. Aliondoa viti vya nyuma, akaweka kitanda cha kukunja, kabati, tangi la maji na jiko la gesi la mafiga mawili. Wakati wa likizo alisafiri nalo pamoja na mkewe na watoto hadi kwa wazazi wetu upande wa Arua, safari ya karibu kilometa 500, na kwa kuwa nyumba ya wazee ni ndogo, walilala humo humo garini. Watoto walilipenda gari lile kuliko nyumba yao.

Tulilikodia banda la matofali na mabati katika mteremko wa kilima cha Naguru, si mbali na ninapoishi. Kila Jumamosi nilifungua banda, nikafagia, nikapangusa vumbi, nikawasha injini kwa dakika tano. Nikiisikia inanguruma vizuri, niliizima, nikafunga kufuli, nikaenda zangu kwa moyo mweupe.

Jumamosi moja ya Aprili mvua ilinyesha kwa nguvu. Nilikuwa na mwana wa kaka, mtoto wa miaka minane. Nilivuta mlango ili maji yasiingie, nikawasha injini kama desturi, naye akajilaza kitandani akicheza. Hazikupita dakika nyingi akaniambia, "Shangazi, kichwa kinaniuma." Nilimtoa nje, akatapika chini ya paa la jirani. Jioni alikuwa mzima. Mimi nikadhani ni njaa.

Mwezi wa tano betri ilikufa. Nikasema moyoni, basi, mwenyewe atakuja kuishughulikia. Alipokuja, mwaka ukiwa umetimia, tulikuta panya wamezaa ndani ya kichujio cha hewa na wametafuna nyaya. Magurudumu mawili ya nyuma yalikataa kuzunguka. Petroli ilinuka kama rangi iliyochacha. Godoro lilikuwa na ukungu mweusi, na tangi la maji lilijaa utelezi wa kijani. Gharama za fundi zilikula fedha ambazo kaka na mkewe walikuwa wameziweka kwa ajili ya ada za shule. Wifi yangu hakusema neno. Kaka alilitazama kufuli, akanitazama na mimi, akasema, "Mdogo wangu, kufuli limelinda mlango. Gari lenyewe nani alililinda?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niulize mafundi, nijifunze, na leo niwaandikieni.

Wenzetu wanavyofanya

Gari lenye kitanda na jiko, ambalo hapa tutaliita gari-nyumba, si jambo geni duniani. Mwaka 1885 daktari mmoja wa Uingereza, Gordon Stables, aliundiwa gari la kukokotwa na farasi, lenye kitanda na jiko, kwa ajili ya kutembea tu na kuona nchi. Tangu mwaka 1951 kiwanda cha Westfalia cha Ujerumani kilianza kuzitengenezea gari za Volkswagen, zile tunazoziita Kombi, samani za kulalia na kupikia. Hivi leo huko Ulaya na Marekani familia nyingi zina magari ya namna hiyo, na majira ya baridi yakifika huyapeleka katika mabohari makubwa yenye paa, ambako hulazwa miezi mitano au sita na kutengenezwa kabla ya safari za kiangazi.

Huko adui mkuu ni barafu. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu sehemu 9 katika 100, nayo hupasua mabomba na pampu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya bohari lile ni kumwaga maji yote hadi tone la mwisho.

Magari-nyumba hufika na hapa kwetu. Wasafiri wanaokata bara hili kutoka Misri hadi Afrika Kusini hupita Kampala, na wengine huliacha gari hapa, wakapanda ndege kurudi kwao kwa miezi kadhaa, kisha wakaja kuendelea na safari. Mwenye banda anayepokea gari la namna hiyo akumbuke jambo moja: gari la kigeni huingia nchini kwa hati ya forodha yenye muda maalumu. Kabla ya kulipokea, na amwambie mgeni aulize mamlaka ya mapato, ambayo makao yake yako Nakawa jirani yetu, hati hiyo itakuwaje wakati yeye hayupo. Hati ikifa, huenda gari likazuiliwa hata likiwa zima kabisa.

Hapa Kampala hakuna barafu. Adui wetu ni unyevu, panya, mbu na usahaulifu. Mvua zetu huja mara mbili kwa mwaka, kuanzia Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba. Katika miezi hiyo banda lisilopitisha hewa hugeuka chungu cha mvuke. Kwa hiyo paa pekee halitoshi. Laiti ningalijua hayo mapema!

Banda la namna gani?

Banda jema lina sakafu ya saruji iliyoinuliwa kidogo kuliko ardhi ya nje. Hili ni muhimu sana katika mteremko kama wa Naguru, kwa kuwa maji hutiririka kutoka juu na hutafuta mlango ulio chini. Mfereji uchimbwe upande wa juu wa banda. Sakafu ya udongo hutoa unyevu usiku na mchana, nao hupanda moja kwa moja kwenye chuma cha chini ya gari, kikashika kutu mahali ambapo macho hayafiki.

Ukuta uwe na matundu ya hewa juu na chini, yenye wavu wa kuzuia panya. Matundu ya chini yana sababu ya pekee: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, na ikivuja hujaa sakafuni. Ndani ya banda kusiwe na magunia ya mahindi, chakula cha kuku, wala madebe ya petroli. Pawe na ndoo mbili za mchanga au kizimamoto karibu na mlango, si mwisho wa banda ambako moto utakuzuia kufika.

Asiye na banda na akalazimika kutumia turubai, asilifunike gari kwa nailoni isiyopumua. Jasho la gari hubaki ndani, na rangi hubabuka.

Kabla ya kufunga mlango

Kosa langu kubwa lilikuwa kufanya nusu ya kazi. Mafundi wamenifundisha kanuni moja ambayo ningependa kila familia ya askari iishike: gari ama lilale kabisa, ama litembee kabisa. Kuliwasha dakika tano kila juma ni kulisumbua usingizini. Injini isipopata moto kamili, mvuke huganda ndani ya oili na ndani ya bomba la moshi na kuleta kutu. Tena kuwasha kwenyewe hula umeme mwingi wa betri, na dakika tano hazitoshi kuurudisha.

Ikiwa gari litalazwa miezi mitatu au zaidi, yafanywe haya:

Kwanza, lioshwe vizuri hadi chini, likaushwe juani, ndipo liingizwe ndani. Matope huhifadhi unyevu.

Pili, oili ya injini na chujio lake vibadilishwe kabla ya kulala, wala visingoje siku ya kuamka. Oili iliyotumika ina uchafu wenye ukali unaokula vyuma vikiwa vimetulia. Rejeta nayo iwe na maji yenye dawa ya kuzuia kutu, si maji matupu ya bomba.

Tatu, tangi la mafuta lijazwe. Tangi lililo nusu hupumua hewa yenye unyevu, na maji hutulia chini. Petroli huanza kuharibika baada ya miezi michache na kuacha utomvu katika njia za mafuta, kwa hiyo dawa ya kuihifadhi ikipatikana itiwe, kisha injini iendeshwe kidogo huko nje ili dawa ienee. Dizeli huvumilia zaidi, lakini ikiingiwa na maji huota vijidudu vinavyoziba chujio.

Nne, betri ifunguliwe, waya wa hasi ukitangulia, iwekwe mahali pakavu pasipofikiwa na watoto. Betri ya volti 12 iliyojaa huonyesha volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikishuka chini ya 12.4 ichajiwe. Betri inayoachwa tupu kwa miezi hujijengea ukoko mgumu ndani, na baada ya hapo haiponi. Wakati wa kuchaji mtu asivute sigara karibu, kwa sababu betri hutoa hewa inayolipuka.

Tano, magurudumu yatiwe vigingi mbele na nyuma, na breki ya mkono iachiwe. Ikibaki imekazwa, hugandamana na ngoma, kama ilivyotupata sisi. Matairi yajazwe upepo zaidi kidogo ya kawaida, pasipo kuzidi kipimo kilichoandikwa ubavuni. Ikiwa gari litalala mwaka mzima, ni bora liinuliwe juu ya stendi imara za chuma, matairi yasibebe uzito. Jeki peke yake haiaminiki, na mtu asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki tupu hata kwa dakika moja.

Sita, bomba la moshi na mdomo wa kuingizia hewa vizibwe kwa wavu au kitambaa, na utepe mwekundu ufungwe kwenye usukani ili mwenye kuliamsha akumbuke kuvitoa.

Gari-nyumba lina kazi zaidi

Gari lenye jiko na kitanda lahitaji utunzaji wa gari na wa nyumba kwa pamoja. Tangi la maji na mabomba yake vimwagwe vyote, mabomba yaachwe wazi yakauke. Maji yaliyosimama huzaa utelezi na vijidudu, na tangi lisilofunikwa huzaa mbu. Mtungi wa gesi utolewe kabisa garini, uwekwe nje penye hewa na kivuli, ukiwa umesimama wima. Mpira wa gesi uchunguzwe, na ukionyesha nyufa utupwe.

Chakula chote kitolewe, pamoja na chumvi, sukari, na makombo yaliyojificha chini ya kitanda. Panya haji kwa ajili ya nyaya, huja kwa ajili ya makombo na joto, na nyaya huzitafuna akiwa amekwisha kuwa mwenyeji. Godoro lisimamishwe au lipelekwe nyumbani likatumike. Milango ya kabati na ya jokofu iachwe wazi kidogo ili hewa ipite. Mapazia yafuliwe. Paa likaguliwe kwenye maungio, hasa mahali palipotobolewa kwa ajili ya dirisha au bomba, kwa maana tone moja linaloingia kila mvua huozesha mbao kimya kimya, na gari linapoamka ukuta huanguka mkononi.

Ziara ya kila mwezi

Mwenye ufunguo na afike angalau mara moja kwa mwezi, akiwa na daftari. Aangalie sakafuni kama kuna tone la oili au la breki, anuse kama kuna petroli, atafute mavi ya panya, apime upepo wa matairi, achaji betri. Kama matairi yako chini, alisogeze gari kidogo ili uzito usikae mahali pamoja. Aandike tarehe na alichokiona.

Wakichagua njia ya pili, yaani gari litembee, basi litolewe nje ya banda na kuendeshwa nusu saa nzima, mara moja au mbili kwa mwezi, hadi injini na breki vipate moto. Dereva awe na leseni, na bima ya lazima iwe hai. Gari lisilo na bima libaki limelala.

Nami sasa nasema jambo ambalo ningetamani niliseme kwa sauti mlangoni mwa kila banda. Usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa, hata kwa dakika chache, hata mvua ikinyesha. Moshi wa gari una hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Huanza kwa kichwa kuuma na kutapika, kisha usingizi, kisha kifo. Mwana wa kaka hakuwa na njaa Jumamosi ile. Nilipofahamishwa na fundi maana ya dalili zile, nilikaa kitako barabarani. Gari lililoharibika lilitengenezwa. Mtoto yule tungemwambia nini babaye, naye yuko Mogadishu?

Kwa sababu hiyo hiyo milango ya gari ifungwe kwa ufunguo wakati wote. Watoto hupenda kujificha katika magari yaliyosimama, na wakijifungia humo bila mtu kujua, joto na ukosefu wa hewa vyaweza kuwaua.

Makabidhiano

Wanajeshi na polisi wanajua kazi hii kuliko sisi raia. Hapa Naguru, yalipo makao makuu ya Polisi, hakuna mlinzi anayeondoka zamuni bila kumkabidhi mwenzake kitabu na vitu vilivyoandikwa humo. Ajabu ni kwamba askari huyo huyo, anapoondoka nyumbani kwa mwaka mzima, hukabidhi gari kwa maneno mawili: "Uliangalie angalie."

Makabidhiano ya nyumbani yaandikwe vilevile. Ukurasa mmoja watosha: kilometa zilizosomwa siku ya kulaza, tarehe ya oili, hali ya matairi, jina la fundi anayeaminika na simu yake, kodi ya banda ni kiasi gani na italipwa na nani, nani ana ruhusa ya kuliendesha na nani hana. Fedha kidogo itengwe kwa ajili ya betri na mafuta, kwani mtunzaji asiye na senti huishia kutazama tu. Mke apewe nakala. Wapo waume wanaomwachia ndugu ufunguo na kumficha mke kila kitu, kisha ndugu na mke wakakorofishana katika mwaka ambao walipaswa kusaidiana. Wifi yangu alikuwa na haki ya kulijua gari lile kabla yangu.

Siku ya kuliamsha, haraka ivumiliwe. Toa vitambaa, fungua boneti utafute viota, tazama oili na maji ya rejeta, rudisha betri, jaza upepo, kanyaga breki mara kadhaa, kisha livute gari nje ndipo liwashwe. Lijaribiwe polepole uani kabla ya kuingia barabarani. Maji ya breki hunyonya unyevu, kwa hiyo yabadilishwe kila miaka miwili hata kama gari halikutembea. Tairi nalo huzeeka likiwa limesimama: tarakimu nne zilizopigwa ubavuni hueleza kuzaliwa kwake, mfano 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Likipita miaka kumi halifai, hata likiwa na meno yote.

Kaka aliitwa tena safari nyingine, na ufunguo akanipa mimi tena. Sikuutarajia. Safari hii tuliketi watatu, yeye, mkewe na mimi, tukaandika ukurasa ule mezani. Gari lililala kabisa, juu ya stendi, tangi la maji likiwa kavu, mtungi wa gesi ukiwa nje. Wifi alichaji betri, mimi nikashika daftari. Siku aliyorudi liliwaka mara ya kwanza, nje ya banda, mlango ukiwa wazi, na watoto wakiwa wamesimama mbali kama walivyoagizwa. Kaka hakusema neno juu ya kufuli. Alifungua daftari, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, kisha akawaita watoto wapande.